Jiwe la Dema Namba Moja

Septemba 29

Mvua siku ya tatu mfululizo. Njia ya kwenda kukata fito za mti wa maqui imekuwa tope tupu, nami nimebaki jikoni nikiangalia madema kumi na mawili yaliyokamilika na manne ambayo bado ni mifupa. Kazi yangu ndiyo hiyo, kusuka madema ya kambakoche kama baba alivyonifundisha. Nusu ya mashua za kisiwa hiki zinavua kwa madema yangu, ingawa wenyewe hawapendi kulisema hilo mbele yangu.

Daftari hili nimelianza kwa sababu kila mwaka Lolo, mdogo wangu, anabishana nami nilimpa dema lipi na lini. Mwaka huu kutakuwa na maandishi. Tuone atasema nini.

Oktoba 1

Msimu umefunguliwa. Lolo katoka alfajiri na mashua, akasahau chupa ya chai mezani.

Oktoba 4

Meli ya mizigo imeleta unga, mitungi ya gesi na mpangaji. Anaitwa Amparo Quilodrán, mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu cha bara. Ni mdogo wa umbo, buti zake kubwa kuliko kichwa, na amepanga chumba cha baba hadi mwezi wa tano, akienda na kurudi. Nilimpa supu ya samaki. Alikula yote, akafuta bakuli kwa mkate, ndipo akaanza.

"Doña Zunilda, nimesikia baba yako alikuwa na jiwe."

"Umesikia wapi?"

"Melini."

"Walicheka walipokuwa wanakuambia?"

Akatazama bakuli. "Kidogo."

"Basi umesikia vizuri."

Nikamwambia aende kulala. Sasa na mimi siwezi kutulia, kwa hiyo naandika.

Mwaka 1987, majira ya baridi, wakati kambakoche wamefungwa, baba yangu Custodio Retamales alijiandikisha kwenye meli ya kuvua kaa wa kina kirefu. Alikwenda na Belarmino Ahumada, rafiki yake tangu utoto. Walivua mbali sana upande wa bara, karibu na pale ambapo sakafu ya bahari inajikunja na kuingia kwenye handaki refu la chini ya bahari. Kuna mlima mkubwa uliozama huko, upo hata kwenye ramani. Walishusha madema mgongoni mwake, pima mia tatu. Siku moja kamba ilipanda na jiwe limenasa.

Mawe ya kule kwa kawaida hupanda yamevaa ngozi nyeusi nene, maana yamekaa majini miaka isiyohesabika. Hili lilikuwa safi. Upande mmoja liling'aa kama chupa iliyovunjika. Baba alilileta nyumbani ndani ya gunia na akasema gatini, mbele ya kila mtu, kwamba mlima ule mzee umejifungua na mtoto yuko mgongoni. Watu wakamgeukia Belarmino. Belarmino akasema, "Mimi sikuona kitu."

Tangu siku ile baba akaitwa Mkunga. Aliitwa hivyo miaka ishirini. Siku ya mazishi yake nilimsikia mtu nyuma yangu akilinong'ona jina hilo, na mtu mwingine akabana kicheko. Mimi ni binti Mkunga mpaka leo, na Belarmino hajawahi kuifuta ile kauli yake. Simpendi. Naandika hivyo ili ijulikane.

Oktoba 5

Mvua.

Oktoba 7

Leo nimemuuliza Amparo kwa nini mtu mzima aliyesoma avuke bahari kwa ajili ya jiwe la mvuvi aliyekufa. Aliona cherehani yangu, akaomba kitambaa.

"Chini kabisa kuna joto lililosimama mahali pamoja," akasema. "Hilo ni sindano. Sakafu ya bahari ni kitambaa, inapita juu yake kuelekea bara." Akazungusha gurudumu polepole. "Kila sindano inapochoma, kisiwa. Kisiwa cha nje kule magharibi ni kichanga. Hiki chenu kimeshapita, kina miaka milioni nne hivi. Milima iliyo mbele, upande wa bara, ni mizee zaidi na imezama."

"Inasogea kasi gani?"

"Haraka kuliko kucha zako zinavyoota."

Nilitazama kucha zangu. Zina gundi na maqui na hazioti kabisa. "Kwa hiyo mlima wa baba ulipita sindano zamani," nikasema.

"Zamani sana. Kwa hesabu ya sindano, kule hakuna jiwe changa. Ndiyo maana walimcheka. Walikuwa na haki ya kucheka, kwa elimu ya wakati ule." Akakunja kitambaa. "Lakini Wajapani walikuta mawe machanga kwenye sakafu kuukuu, karibu na handaki lao. Wanadhani sakafu inapobinuka kabla ya kuzama, inapasuka. Na kama chini yake kuna tone la mwamba ulioyeyuka, linapenya juu kwenye ufa."

Nilikuwa na chapati ya unga uliokandwa mkononi kwa ajili ya empanada, sambusa zetu za huku. Nikaukunja juu ya mchuzi wa kambakoche kwa haraka, kama wanavyofanya wasiojua. Mgongo wa unga ukapasuka pale ulipopindwa na mchuzi ukatokeza.

"Hivyo?"

Akaiangalia ile empanada mbovu kwa muda mrefu, mpaka nikaona aibu. "Hivyo hasa," akasema. "Naomba niipige picha."

Mimi nimekunja empanada zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kujua nilikuwa nafanya jambo la maana namna hii.

Oktoba 8

Nimempa jiwe.

Niandike hapa desturi ya baba, maana watoto wa Lolo hawaijui. Jiwe likipanda lenyewe na kamba, halitupwi wala haliwekwi dirishani kama pambo. Linafanywa uzito wa dema, ili lirudi chini. Dema likioza, jiwe linahamia dema jipya. Jiwe lile alilifanya uzito wa Dema Namba Moja, na tangu hapo mimi ndiye ninayelihamisha. Bandani kulikuwa na jiwe lenye rangi nyekundu, N1, kwa mkono wangu mwenyewe. Amparo alilipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

Novemba 2

Amparo kaondoka na jiwe. Anarudi Januari. Nyumba imekuwa kubwa.

Novemba 19

Dema la nane kwa Lolo. Nimeandika, Lolo. Tarehe kumi na tisa.

Desemba 3

Belarmino kanipita dukani. Madema yake anayasuka mwenyewe, yana makalio, yamevimba chini, yanakaa upande kwenye mashua yake. Kasema, "Binti Mkunga, nasikia mtoto kapelekwa hospitali bara." Watu wakacheka. Nikamwambia kwamba daktari akimaliza na jiwe nitamwomba atazame na madema yake. Wakacheka zaidi.

Desemba 20

Amparo kapiga simu. Sauti yake ilikuwa laini na mara moja nikajua.

"Doña Zuni, nimelipima mara mbili. Lina ukoo mmoja na jabali lililo nyuma ya nyumba yako. Ni jiwe la kisiwani."

"La pwani yetu."

"La pwani yenu. Samahani sana."

Nilimshukuru. Nilikata simu. Nikakaa kwenye kiti cha baba na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii nikawaza kwamba huenda alidanganya. Kwamba aliokota jiwe pale gatini, akalimwagia maji, akaja na hadithi. Alipenda kusikilizwa. Alikuwa na mdomo mtamu, kila mtu anajua. Nililia, kisha nikakasirika kwa kulia, kisha nikasuka dema hadi vidole vikachubuka.

Desemba 25

Krismasi. Lolo na watoto walikuja kula. Sikumwambia.

Desemba 27

Mimi ni mjinga wa mwisho kisiwani. Naandika taratibu ili nisikosee tena.

Kila dema lina mawe mawili, moja kila upande. Yote mawili ninayapaka rangi, kwa sababu namba ni ya dema, si ya jiwe. Majira ya baridi yaliyopita Lolo alilalamika kiuno, Dema Namba Moja linamvunja. Nikatoa jiwe moja kulipunguzia uzito. Nilitoa lile ambalo halikukaa vizuri, la duara. Niliacha lile lenye umbo la figo, ambalo limezoea mbavu za dema kiasi kwamba halihitaji kufungwa sana. La figo lina vipunje vya kijani, nimevigusa maisha yangu yote.

Nilimpa Amparo jiwe la pwani. Jiwe la baba liko ndani ya dema, na dema liko baharini.

Nimetumia asubuhi nzima kumsubiri Lolo gatini, na watu wote wanashangaa nina nini.

Desemba 27, jioni

Lolo kasema: "Dada, kaa kwanza."

Dema Namba Moja limepotea. Kamba ilikatika kwenye mawimbi makubwa ya tarehe kumi na mbili, boya likaenda na maji. Hakuniambia kwa sababu aliona haya.

"Liko alama ipi?"

"Aproni."

Aproni ni alama yangu. Hapa kwetu bahari haina uzio, ina alama. Unapanga jiwe fulani la nchi kavu juu ya kitu fulani, na upande wa pili kitu kingine juu ya kingine, na pale mistari inapokutana ndipo pako, wewe na wanao. Hazisemwi, haziandikwi. Aliyeiona alama ya mtu ameila nusu. Baba aligawa zake kabla ya kufa, akaniachia Aproni, na Lolo anaivua kwa niaba yangu. Ndiyo bora kuliko zote, ndiyo iliyosomesha wanangu bara. Jina lake naliandika, sababu ya jina hapana, hata humu.

Kina chake ni pima sitini. Dema linaweza kupatikana kwa kulabu, ukijua kuvuta.

Januari 5

Lolo kavuta kulabu saa tatu. Mwani.

Januari 11

Mwani, na dema bovu la mtu wa zamani.

Januari 16

Bega la Lolo limeteguka. Muuguzi kamfunga kitambaa. Wiki tatu hagusi kamba.

Januari 22

Amparo karudi. Nimemweleza yote, nikitarajia aone ni visingizio vya familia kutetea jina. Badala yake akaniuliza kuhusu vipunje vya kijani. Vikubwa kiasi gani? Vimetawanyika au vimekaa fungu? Kuna upande unaoteleza? Alikuwa ananiuliza vidole vyangu, na vidole vyangu vilijibu. Akaandika kila neno.

"Mawe ya ile sindano, kama haya ya hapa kwenu, hayana mafungu ya kijani ya namna hiyo," akasema. "Si mengi. Hayo hutoka chini kabisa, yakipanda haraka."

Akaniambia pia jambo moja kwa upole. Orodha ya kuomba meli ya utafiti inafungwa mwisho wa Aprili. Bila jiwe hana cha kuomba nacho. Na jiwe peke yake halitoshi, lazima ajue lilitoka wapi hasa, maana mlima ule ni mpana kuliko kisiwa hiki.

"Nani alikuwa kwenye meli ile, mbali na baba yako?"

Anajua ni nani.

Februari 8

Joto. Nzi. Nimemaliza dema la Don Fermín.

Februari 14

Nimegombana na Lolo, ugomvi wa kweli.

Kisiwani kuna mtu mmoja tu anayeweza kuvuta kulabu pima sitini na kusikia kwa kiganja kama ameshika mwani, mwamba au fito. Ni Belarmino. Aliwahi kuopoa injini ya mashua kwa kulabu ile, watu wote tulishuhudia. Nikamwambia Lolo tumchukue.

"Tumpeleke Belarmino Aproni? Dada, una homa?"

"Dema liko pale, Lolo. Haliji lenyewe."

"Na yeye akishapaona? Msimu ujao ataweka madema yake yenye makalio juu ya yako. Utamshitaki kwa nani?"

"Alama ni yangu. Ninaitumia kununua ninachotaka."

"Unanunua nini? Jiwe?"

Nikamwambia nataka kujua kama baba yangu alikuwa mwongo. Akasema, "Mimi niliacha kuuliza." Akaondoka bila kumaliza chai. Sikujua kwamba na yeye aliwahi kuuliza. Nilidhani lile jina lilinichoma mimi peke yangu.

Februari 15–28

Hatuzungumzi. Madema mawili.

Machi 3

Lolo kaja mwenyewe. Kasema mashua iko tayari, bega linatosha kushika usukani. Kasema asilazimike kuzungumza na yule mzee.

Nimepanda hadi kwa Belarmino. Nimemkuta anamenya viazi mlangoni. Ana miaka sabini na minne, na mikono yake ni mikubwa kama koleo.

"Binti Mkunga. Nani kafa?"

"Hakuna. Nataka kulabu yako, na wewe."

Nikamweleza. Alimenya viazi viwili vizima kabla ya kusema kitu.

"Aproni," akasema. "Ile ya baba yako."

"Ya kwangu."

"Na mimi nije nayo macho yangu yote mawili."

"Moja lina mtoto wa jicho, nasikia."

Akatabasamu kidogo, nikaliona jino lake la dhahabu. "Jumamosi ijayo," akasema. "Kama bahari itataka."

Machi 10

Nimelowa mpaka mifupani, lakini lazima niandike leo.

Tulitoka watatu, Lolo kwenye usukani, mimi katikati, Belarmino mbele na kulabu yake ndani ya ndoo. Amparo alibaki gatini, hakuomba kuja. Amejifunza. Tulipopita rasi, kabla Lolo hajaanza kutafuta mistari, Belarmino aliinuka, akageuka, akakaa tena mgongo wake ukielekea nchi kavu na uso kwenye bahari tupu. Akashusha kofia mpaka kwenye nyusi.

Lolo aliniangalia. Mimi nilimwangalia yule mzee mgongoni.

"Don Belarmino," nikasema, "huko hakuna kitu cha kuona."

"Ndiyo maana naangalia huko. Kulabu haihitaji macho. Mkifika semeni."

Alikaa hivyo saa nne. Jua lilimpiga usoni, maji yakamrukia, hakugeuza shingo hata mara moja, hata Lolo alipokosea na kulaani kwa sauti. Alivuta kamba kwa viganja akiwa anaongea peke yake: mwani, mwani, mwamba, mwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kumchukia mtu huyu, na sasa nilikuwa nashika ukosi wa koti lake asianguke.

Kisha akasema, "Fito."

Tulivuta wote watatu, Lolo kwa mkono mmoja. Likaja dema langu, limevunjika ubavu, limejaa mwani, kambakoche wawili bado wamo ndani kwa hasira. Na jiwe la figo, limekaa mahali pake.

Nililikata kamba na kumpa Belarmino alishike wakati tunasafisha. Alilipakata njia nzima. Hakugeuka mpaka Lolo alipomwambia tumeshapita rasi. Ndipo akasema, akiliangalia jiwe na si mimi:

"Nalifahamu hili. Mimi ndiye niliyelichomoa kwenye kamba. Lilinikata hapa." Akaonyesha kovu chini ya kidole gumba.

Lolo alizima injini.

"Mwenye meli alikuwa Ulises Sanhueza wa Coronel, kule bara," akasema. "Kaa wa pale walikuwa wakubwa kama sinia. Alituapisha, ile ni alama yake, mahali pale hapasemwi. Baba yako akaapa, na mimi nikaapa. Kisha tunashuka hapa gatini, na Custodio anafungua mdomo wake mbele ya kisiwa kizima, mlima fulani, upande fulani, pima mia tatu. Wananigeukia. Ningesema nini? Alama haikuwa yangu."

"Ungeweza kuniambia mimi," nikasema. "Ungeweza kumwambia mama."

"Ningeweza." Alifuta jiwe kwa mkono wa sweta. "Nilidhani watu watasahau baada ya msimu mmoja. Halafu lile jina likashika, na baba yako akaacha kunisalimia, na mimi nikawa na kiburi. Nimekuwa na kiburi miaka zaidi ya thelathini, binti. Kinachosha."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumpa chai. Nilimpa chai.

Machi 12

Jiwe limekatwa kwa msumeno wa vigae wa fundi Nelson, maji yakimwagika sakafu nzima. Amparo alivaa miwani na alikuwa na weupe usoni kama mgonjwa.

Ndani ni jeusi, na fungu la kijani kama zabibu mbichi zilizobanwa. Upande mmoja, kwenye ukingo ambao miaka yote umelala kwenye mbavu za dema, kuna utando wa kioo. Kioo cheusi halisi, upana wa ukucha. Akanieleza kwamba jiwe la moto likimwagika majini ngozi yake inaganda papo hapo na kuwa kioo, na kioo hakidumu chini ya bahari, kinageuka udongo wa manjano. Hiki hakijageuka.

"Kwa hiyo ni la jana?"

"Kwa jiwe, ndiyo. Umri kamili utahitaji maabara na miezi kadhaa. Lakini si mtoto wa sindano, Doña Zuni. Hilo naweza kuliandika na kutia sahihi."

Nilimwomba nusu. Akanipa ile yenye kioo kingi, nikamrudishia, nikachukua nyingine. Tulibishana kama watu wanaogombea kulipa.

Sijui kwa nini kinachonishangaza zaidi si baba. Ni kwamba kule chini, wakati mimi nabadilisha madema, sakafu inajikunja, inapasuka, inatokeza mchuzi, na hakuna anayeona. Nimemuuliza Amparo maswali hadi akaomba kulala.

Machi 15

Bado hatuna mahali. Belarmino anapajua na hasemi.

"Ulises alikufa mwaka jana," nilimwambia. "Nani anakuzuia?"

"Kufa hakufuti alama. Ana binti." Kamwandikia barua. Barua, wakati simu zipo. Kasema jambo kama hili haliulizwi kwa simu.

Machi 29

Hakuna jibu.

Aprili 9

Hakuna jibu. Amparo hasemi, lakini anahesabu siku kwenye kalenda ya duka la vifaa.

Aprili 16

Mvua ya kwanza ya baridi. Belarmino kapita, kasingizia anatafuta misumari. Nimempa misumari. Nimemwonyesha vilevile jinsi ya kupinda fito za chini ili dema lisiwe na makalio. Alisikiliza kama mtoto wa shule, akasema amelijua hilo siku zote.

Aprili 23

Barua imefika. Belarmino kaileta mfukoni, hakunipa niisome, kanisomea mstari mmoja tu. Binti Sanhueza anasema kaa wale waliisha zamani, baba yake aliitaja sana alama ile akiwa mgonjwa, na kama kuna mtu bado anaitunza baada ya miaka yote hii, basi ampe anayeihitaji.

Alikaa na Amparo mezani, akamwambia namba za ramani za mahali penyewe. Amparo alimsomea tena, yeye akaitikia kwa kichwa. Ilichukua dakika moja.

Aprili 24

Kila jiko hapa lina redio ya mashua, na kila asubuhi tunasikia manahodha wanavyoitana: bahari ikoje, nani kapata wangapi, nani kasahau mkate. Mimi na Amparo tulikuwa tunakanda unga. Saa mbili hivi ikaja sauti ya Belarmino, kutoka mashua yake Porfiada.

"Mashua zote, na majiko yote. Belarmino Ahumada anazungumza. Mwaka 1987 Custodio Retamales alisema alipandisha jiwe kwenye mlima ule wa mbali, upande wa bara. Nikaulizwa, nikasema sikuona. Niliona. Nilikuwepo, nililishika. Custodio hakusema uongo, mimi ndiye niliyesema. Ni hayo tu. Upande wa mashariki maji yamechafuka, mjihadhari."

Redio ikakaa kimya. Sijawahi kuisikia kimya asubuhi ya msimu. Kisha Don Fermín akasema, "Imepokelewa, Porfiada." Kisha mwingine akasema imepokelewa, na mwingine. Nilihesabu mashua kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa Clodomira, mashua ya Lolo.

Amparo alinifuta unga shavuni. Kabla hajaufikia, ulikuwa umeshalowa machozi.

Mei 2

Mvua.

Mei 14

Msimu umefungwa. Lolo karudisha madema yote, na nimemsomea kutoka daftari hili lipi nilimpa lini. Kasema kwamba nimeandika vibaya tarehe ya Novemba.

Amparo kapata meli, siku tisa, majira ya joto yajayo. Anaondoka kesho na nusu ya jiwe kwenye mkoba wa mkononi. Leo dukani mtu kaniita binti Mkunga. Nilisubiri kicheko, hakikuja. Mwenye kuniita alitaka tu kujua kama nina dema la ziada.

Nimesuka Dema Namba Moja jipya. Nusu yangu ya jiwe nimeifunga upande wa kushoto, na upande wa kulia nimetafuta la pwani linalolingana nalo uzito. Oktoba litashuka Aproni.

Zile namba za mlima nilizisikia, nilikuwa namimina chai. Ninazikumbuka zote. Hapa siziandiki, kwa sababu si zangu.